Siti binti Saad: Kazi ya Mtunzi na Haki ya Wimbo

Katika shule zetu jina la Siti binti Saad hutajwa mara nyingi, na karibu kila mara hutajwa kwa namna moja. Mwanafunzi huambiwa kwamba alikuwapo mwanamke maskini wa shamba, muuza vyungu, ambaye kwa sauti yake na subira yake alipanda daraja hata akaimba mbele ya watawala. Hadithi hiyo ni ya kweli kwa sehemu kubwa, na mafunzo yake si haba. Hata hivyo ina kasoro moja: humwacha mwanafunzi akiwa amemjua Siti, asiijue kazi yake. Ni sawa na kumsifu seremala kwa uchamungu wake bila kuutazama mlango alioutengeneza.

Nia ya makala haya ni kuutazama mlango. Tutauliza Siti alifanya nini hasa tangu mwaka 1911, alipohamia mjini Unguja, hadi mwaka 1950, alipofariki; kwa nini kazi hiyo imedumu; na yafaa mwalimu wa fasihi aifundishe vipi.

Yaweza kuulizwa pia: taarabu ya Unguja yamhusu nini mwanafunzi wa Usangi, aliyekulia milimani penye migomba na mifereji, na ambaye masikio yake yamezoea kwaya za Kilutheri, kasida za maulidi na nyimbo za Chasu? Kwanza, asili ya Siti ilikuwa bara. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, yaani mtu wa kabila lililo jirani na Upare. Pili, mwandishi wa wasifu wake, marehemu Shaaban Robert, alikuwa mtu wa Tanga, mshairi na mtumishi wa serikali. Na katika miaka ya 1940 Upare ulikuwa wilaya mojawapo ya Jimbo la Tanga. Sababu ya tatu ni nzito kuliko hizo mbili, nayo itaonekana tutakapoufikia wimbo wa Kijiti.

Kutoka Fumba hadi Ng'ambo

Siti alizaliwa Fumba, kusini ya mji wa Unguja, yapata mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Jina hilo halikuwa la utani. Utumwa ulikuwa bado unakubaliwa na sheria ya nchi. Ulifutwa mwaka 1897, na hata hapo masuria waliachwa nje ya sheria hiyo mpaka mwaka 1909. Wazazi wake waliishi kwa kulima na kufinyanga. Binti naye alijifunza kufinyanga, akawa akichukua vyungu kwenda kuviuza mjini, akivinadi njiani kwa sauti iliyotangulia mbele yake.

Alipohamia mjini mwaka 1911 alikutana na Ali Muhsin, mmoja wa watu wa chama cha muziki cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905. Huyo ndiye aliyemfundisha kuimba kwa kufuata ala. Baadaye aliungana na mafundi wengine, wakiwamo Maalim Shaaban, Subeti bin Ambari, Mbaruku Effandi Talsamu na Buda bin Swedi, wakawa kundi moja. Ndipo jina la Mtumwa lilipoachwa, na jina la Siti, lenye maana ya bibi mtukufu, likashika nafasi yake. Mtu aliyezaliwa akiitwa mali ya mwingine aliishi na kufa akiitwa bibi, na waliomwita hivyo walikuwa wasikilizaji wake.

Hapana budi tukumbuke taarabu ilivyokuwa kabla yake. Mapokeo yanasema kwamba Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ndiye aliyeuleta muziki huo katika jumba lake na kumpeleka mtu Misri kujifunza. Ulikuwa muziki wa jumba, uliopigwa na wanaume na kuimbwa kwa Kiarabu. Si kweli kwamba Kiswahili hakikuwahi kuimbwa kwa ala kabla ya Siti. Lamu na Mombasa zilikuwa na mapokeo yao ya mashairi ya kuimbwa. Alichokifanya Siti na wenzake ni kuutoa ufundi wa jumba na kuuweka katika nyumba za Ng'ambo, upande wa mji walikoishi mafundi, wachukuzi, wapishi, wavuvi, na watu wengi waliokuwa watumwa au watoto wa watumwa. Usiku watu walikusanyika nyumbani kwake, wakisikiliza mambo yao wenyewe yakisemwa katika lugha yao wenyewe.

Ufundi wa maneno na ufundi wa sauti

Mwanafunzi aliyefundishwa kanuni za ushairi hatapata taabu kuitambua mifupa ya nyimbo hizo. Beti huwa za mistari mitatu au minne, mizani hupimwa, vina vya kati na vya mwisho huzingatiwa. Lakini wimbo ukiishia katika mifupa hiyo, ni shairi lililoandikwa tu. Mwimbaji hurefusha silabi moja hata ikabeba maana ya mstari mzima. Hurudia kipande cha mstari ili msikilizaji apate nafasi ya kukitafakari. Waitikiaji hupokea, na udi na fidla hujibu pale sauti inaponyamaza. Kwa hiyo mwalimu anayeandika beti ubaoni na kuhesabu mizani peke yake anafundisha nusu ya kazi.

Siti hakusoma shuleni, lakini alijifunza matamshi ya Kiarabu kiasi cha kuimba mbele ya Waarabu wenyewe bila kuaibika, na aliimba pia kwa Kihindi. Pumzi yake ilikuwa ndefu. Jambo la kustahili kuangaliwa ni kwamba ufundi huo wote aliurudisha katika Kiswahili. Mtu anayeweza kuimba kwa lugha ya wakubwa, kisha akachagua kutumia uwezo uleule kuimba habari za mtaani, ametoa hukumu juu ya thamani ya habari hizo. Amesema, bila kutamka, kwamba jambo la mtu wa Ng'ambo lastahili kuimbwa kwa ustadi uleule unaostahili sifa za mfalme.

Wapinzani wake hawakukosa. Walimsimanga kwa sura yake na kwa asili yake ya shamba. Jibu lake kwao, ambalo bado linakumbukwa, lilikuwa la wimbo: sura na nasaba havimfai kitu mtu asiye na akili. Tazama alivyojibu. Hakukanusha kwamba si mzuri, wala hakujitafutia ukoo wa kubuni. Alibadili mizani ya kupimia. Hiyo ndiyo kawaida ya malumbano mema katika ushairi wetu, nayo yapasa ifundishwe leo, wakati ambapo nyimbo nyingi za mipasho hutosheka na tusi.

Wimbo wa Kijiti

Sasa tuje kwenye wimbo unaoipima kazi yake kuliko nyimbo zote. Katika miaka ya 1920 mwanamke mmoja mjamzito alikwenda Unguja kutoka Dar es Salaam kuwatembelea wenzake. Wakatoka usiku kwenda ngomani, na huko akadhulumiwa na kuuawa na mtu aliyeitwa Kijiti. Mwuaji akatoroka, akavuka kwenda bara. Mahakamani waliotiwa hatiani wakawa wanawake wawili waliokuwa pamoja na marehemu, kwa hoja kwamba wao ndio waliompeleka katika ngoma hiyo yenye ulevi.

Wimbo wa Kijiti wasimulia habari hiyo hatua kwa hatua: mgeni, safari ya usiku, mauaji, mahakama, hukumu. Hauna maneno makali mengi. Unaeleza mambo yalivyokwenda, na kwa kuyapanga tu unamfanya msikilizaji aone kwamba mambo yamepinduka: waliokuja kutoa ushahidi wamekuwa wakosaji, na mkosaji yuko huru ng'ambo ya bahari. Kisha wimbo humfuata mwuaji hata huko alikokimbilia na kumwonya kwamba hana mahali atakapokaribishwa. Mkono wa mahakama haukumfikia. Mkono wa wimbo ukamfikia.

Hapa ndipo ilipo ile sababu ya tatu. Aliyeuawa alikuwa mgeni kutoka bara. Hakuwa na ukoo Unguja wa kumdai, na mahakama ya siku hizo ilishughulika zaidi na tabia ya wanawake kuliko na uhai uliopotea. Wimbo ulifanya kazi ya ukoo: ulimdai. Mwanafunzi wa Usangi, ambaye dada zake na shangazi zake husafiri kwenda Dar es Salaam, Tanga na Unguja kutafuta riziki, hana haja ya kufafanuliwa maana ya mwanamke aliye mbali na kwao. Tukiutazama wimbo huo kama kisa cha zamani tu, tutakuwa hatukuusikia.

Upo wimbo mwingine unaohusishwa na kundi hilo, unaomsimanga mtu aliyeitumia kalamu kuwadhulumu wasiojua kusoma, akaishia gerezani. Sisi tuliopitisha maisha yetu katika ofisi za serikali tunausikia wimbo huo kwa namna ya peke yake. Karani asomaye karatasi kwa niaba ya bibi asiyejua kusoma ana mamlaka makubwa kuliko yanavyoonekana mezani pake, na hakuna mkaguzi anayeyaona yote. Siti, ambaye mwenyewe hakusoma shuleni, alikaa upande wa bibi huyo. Hiyo ni nafasi ambayo fasihi yetu iliyoandikwa imekuwa nadra kuishika, kwa kuwa waandishi wake wengi tumekaa upande wa pili wa meza.

Je, alikuwa mnafiki?

Mhakiki mwaminifu hawezi kuliepuka swali hili. Siti aliyeimba habari za Ng'ambo ndiye huyohuyo aliyeimba katika jumba la Sultani na katika nyumba za matajiri, akalipwa na kutunzwa. Katika miaka hiyohiyo watu wa Ng'ambo walikuwa na ugomvi mkubwa na wenye ardhi, hata mwaka 1928 wakagoma kulipa kodi ya viwanja. Je, mtu aweza kula meza moja na bwana na kuwaimbia wanaolalamikia mabwana?

Wako watakaosema kwamba huko ni kugeuka na upepo. Sioni hivyo. Yatupasa kuitazama kazi yenyewe, tuone kama wimbo wa jumbani uliulegeza wimbo wa mtaani. Wimbo wa Kijiti haukulegezwa. Uliihoji hukumu ya mahakama waziwazi, tena haukubaki kufichwa katika baraza moja ya Ng'ambo, bali uliimbwa na kurudiwa hadi ukavuka vizazi. Yawezekana kwamba heshima aliyoipata jumbani ndiyo iliyompa nafasi ya kusema mtaani yale ambayo mwingine angeyasema akanyamazishwa. Lakini haifai pia tumfanye mwanasiasa. Hakuhutubia, na hakuandika risala. Alikuwa fundi aliyeijua kazi yake na kuwajua watu wake, na katika kazi hiyo hakukubali uongo upite.

Nani mtunzi?

Swali jingine ni la utunzi. Nyimbo nyingi zinazoitwa za Siti zilizaliwa katika mazungumzo ya kundi zima. Mmoja alileta habari ya mtaani, mwingine akaleta ubeti, mwingine sauti ya kuuimbia. Usiku uliofuata wimbo ukajaribiwa mbele ya wageni, na wageni nao wakausahihisha. Mwalimu aliyezoea kitabu chenye jina la mwandishi mmoja katika jalada huona hapo ni fujo. Kwa hakika ndivyo nyimbo zetu nyingi zinavyotungwa, na watu wa Usangi wanaoimba wakati wa kulima au wakati wa arusi wanalijua jambo hilo vizuri.

Kwa hiyo makosa mawili yaepukwe. La kwanza ni kumpa Siti kila neno na kuwasahau wenzake. La pili, ambalo huwapata zaidi wanawake, ni kusema kwamba yeye alikuwa na sauti tu na maneno yalikuwa ya wanaume. Kutunga ni pamoja na kuchagua: habari ipi iimbwe, ipi iachwe, neno lipi lirudiwe, usiku gani, mbele ya nani. Mwenye kuyaamua hayo kwa miaka mingi, huku watu wakimjia nyumbani kwake, ni mtunzi kwa maana kamili ya neno hilo.

Santuri, kitabu na kumbukumbu

Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice iliwachukua Siti na wenzake hadi Bombay, Uhindi, kuimba kwa ajili ya santuri. Santuri hizo ziliuzwa kwa maelfu katika Afrika ya Mashariki, na kampuni nyingine zikafuata mkumbo. Kwa mara ya kwanza sauti ya mwanamke wa kwetu, ikiimba kwa Kiswahili, ilisikika mahali ambapo mwenyewe hakufika.

Manufaa hayo yalikuwa na gharama yake. Upande mmoja wa santuri ya siku hizo ulichukua dakika tatu hivi. Wimbo ambao nyumbani kwake ungeweza kuendelea sehemu kubwa ya usiku ulikatwa ukawa dakika tatu, bila wageni na bila majibizano. Tunachokisikia leo katika santuri ni dirisha la nyumba, si nyumba yenyewe.

Kitabu nacho kina mpaka wake. Wasifu wa Siti binti Saad, alioutunga Shaaban Robert na kuchapishwa kwanza mwaka 1958, ni kitabu adhimu. Kumwandika mwanamke mwimbaji, mzaliwa wa utumwa, kama mtu anayestahili wasifu lilikuwa tendo la ujasiri. Lakini Shaaban Robert alikuwa mwalimu wa maadili kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Alichokitafuta katika maisha ya Siti ni tabia: subira, bidii, ukarimu, unyenyekevu. Ule ukali wa nyimbo zake, ule ushahidi wa mahakamani na wa ofisini, haukupewa nafasi inayolingana. Shule zetu zilikichukua kitabu hicho, zikachukua na mpaka wake. Mambo mengi ya upande wa pili yamejulikana zaidi kutokana na wazee wa Unguja walioulizwa baadaye, na kutokana na watafiti kama Laura Fair, ambaye kitabu chake juu ya starehe na siasa za mji wa Unguja kilichapishwa mwaka 2001.

Tena iko kumbukumbu hai. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Nyimbo zake zilichukuliwa na Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyeziimba mpaka uzeeni na kuzifikisha nchi za mbali. Naye alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Chama cha wanawake waandishi wa habari, TAMWA, kilipoanzisha gazeti lake mwaka 1988 kililiita Sauti ya Siti. Mwaka 2020 kitukuu chake, Siti Muharam, alitoa albamu ya nyimbo hizo. Wimbo wa Kijiti umevuka hivyo mikono ya vizazi vinne. Hukumu aliyoihoji imesahauliwa na wengi, wimbo haujasahauliwa.

Kazi iliyo mbele ya shule

Tukirudi Usangi, tunakuta mambo ya kufikirisha. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi walijitokeza hadharani katika mgogoro wa kodi ya mbiru, jambo ambalo watawala wa kikoloni hawakulitazamia. Habari za mgogoro huo zimeandikwa, na marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, alitunga kitabu juu yake mwaka 1971. Tunajua walikwenda wapi na walimkabili nani. Lakini maneno ya wanawake wenyewe, jinsi walivyosimuliana habari hiyo jioni wakiwa jikoni au mashambani, hayakupata santuri ya kuyabeba. Hawakukosa watunzi. Walikosa mtu wa kuandika.

Kwa sababu hiyo ninapendekeza kwa walimu kazi ya namna mbili. Kwanza, Siti afundishwe kwa kusikilizwa. Wanafunzi wausikie wimbo kabla ya kuusoma; wauandike wenyewe kwa masikio; wahesabu mizani na kutafuta vina; kisha waulizwe: ni nani anayesema hapa, ni nani anayehukumiwa, na ni nani asiyekuwapo kujitetea? Maswali hayo matatu yatawafikisha mbali kuliko orodha ya sifa njema za mwimbaji.

Pili, maswali hayohayo yapelekwe nyumbani. Kila mwanafunzi anaye bibi, mama mkubwa au jirani anayejua nyimbo za Chasu za kulima, za arusi au za kubembeleza mtoto. Azisikilize, aziandike kwa lugha yake, na atie tafsiri ya Kiswahili kando. Jina la aliyeziimba liandikwe kwa ridhaa yake, pamoja na mwaka na kijiji, na mahali ambapo kila mmoja alichangia ubeti majina yote yatajwe. Simu ya mkononi inatosha leo kufanya kazi ambayo mwaka 1928 ilihitaji safari ya baharini hadi Bombay, wala haina haja ya kuukata wimbo katika dakika tatu.

Utamaduni wa taifa haujengwi kwa kuwatukuza wachache waliobahatika kuingizwa santurini. Siti mwenyewe alianza na watu waliokuwa hawajaimbwa na mtu yeyote: mgeni aliyeuawa, bibi aliyedhulumiwa kwa kalamu, mtu wa Ng'ambo anayedaiwa kodi. Shule itakayomwiga katika hilo itakuwa imemsoma vizuri, hata kama hakuna mwanafunzi wake mmoja atakayejua kupiga udi.